Mrejesho: Madau madogo ya mpinzani kwenye poka

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu jamaa ninayecheza naye poka ya dau lisilo na kikomo, ana kwa ana mezani. Anaweka robo tu ya pesa zilizo katikati, au hata pungufu, nami nashindwa kujua kama ni woga au mtego.

Ushauri uliosaidia kuliko wote ni wa kuangalia dau limekuja lini. Zile karata tatu za mwanzo za pamoja zikishafunuliwa mezani, dau lake dogo mara nyingi ni jozi dhaifu, au anasubiri kukamilisha kopa tano na anataka kuona karata ijayo kwa bei anayoipanga mwenyewe. Nikiongeza dau hadi mara tatu ya lake, kwa kawaida anatupa karata zake na kujitoa. Shukrani sana kwa aliyelisema hilo.

Karata ya mwisho ni habari nyingine. Kumtishia pale hakukufaulu kabisa: ana jozi ya kati, analalamika, halafu anafuata vilevile, yaani anaweka kiasi nilichoweka! Sasa naongeza nikiwa na karata nzuri tu, naye analipa. Nikiwa na za kati nafuata, maana kwa dau la robo inatosha kushinda mara 1 kati ya 6.

Kumsoma kwa mikono inavyotetemeka hakukunipa kitu. Jamaa hutetemeka hata akinywa maji. Na kuna mzee mkimya mezani ambaye dau dogo kwake ni karata kali tupu. Huyo simwongezei, natupa mapema.