Yeremia 29:11 ni ahadi yangu au ya watu wa Babeli?

Mpendwa_Neno:
Bwana asifiwe wapendwa. Naombeni msaada, hili limeninyima usingizi. Kwenye kikundi chetu cha maombi tulipewa Yer 29:11, ile ya mawazo ya amani wala si ya mabaya, iwe neno la mwaka, kila mtu ajitamkie kwamba mwaka hauishi bila kazi, ndoa, mtoto, chochote anachoomba. Mi nikasoma mstari wa juu yake nikakuta miaka 70 ya kukaa Babeli kwanza. Nikauliza, sasa hiyo 70 tunaiweka wapi? Nikaambiwa niache kuua imani za watu. Je ni kosa kuchukua mstari ukaufanya wako?

Msoma_Barua:
Hujaua imani ya mtu. Ile ni barua, Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka wakapelekwa Babeli. Anzia sura ya 28, nabii Hanania anasimama mbele ya watu anasema miaka 2 tu vyombo vya hekalu na mateka watarudi, anaivunja na ile nira aliyoivaa Yeremia shingoni kuonyesha kwamba watamtumikia mfalme wa Babeli, na nani hapendi kusikia miaka 2? Hanania alikufa mwaka huohuo. Ndo inafuata barua sasa, jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni mzae, uombeeni mji huo amani, yaani mtakaa sana. Mtu mzima aliyeisikia ikisomwa alijua atazikwa ugenini, na huyohuyo ndo anaambiwa Mungu anamuwazia mema. Ukichukua 11 ukaiacha 10 unamrudisha Hanania kwa jina la Yeremia.

Imani_Tu:
Sikubaliani mkuu. Mnaifanya Biblia iwe ya wasomi. Mama yangu hajui Babeli iko upande gani ila mstari huo ndo uliomsimamisha alipofiwa. Rum 15:4 inasema yaliyoandikwa zamani yaliandikwa ili kutufundisha sisi. Roho ndo mwalimu, sio digrii.

Kalamu_Nyekundu:
Imani_Tu mama yako yuko sahihi kabisa, mfiwa ndo yuko karibu na wale mateka kuliko sisi tunaotamka gari. Ila Rum 15:4 imalizie, inasema kwa saburi na faraja ya maandiko, saburi imo humohumo. Na Roho hagombani na kuulizana, yule towashi wa Kushi kwenye Matendo 8 alikuwa anasoma Isaya haelewi, Roho mwenyewe ndo akamtuma Filipo asogee kwenye gari lake.

Mi Flp 4:13, ile ya nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu, niliiandika kwa kalamu nyekundu juu ya daftari nikaingia nayo kwenye mtihani, nikafeli, nikakaa muda mrefu nahisi Mungu kanigeuka. Baadaye sana ndo nasoma 11 na 12, Paulo yuko kifungoni anasema amejifunza kushiba na kuona njaa. Hayo ndo "mambo yote" yenyewe! Nililia siku ile. Namba zenyewe za mistari ya Agano Jipya tulizozoea ziliwekwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551, Paulo aliandika barua moja isomwe yote.

Mpendwa_Neno:
Nimesoma 28 na 29 zote usiku huu. Kuna dada kikundini amengoja mtoto miaka tisa, siku ile tunatamka yeye alikaa kimya kainama. Kesho nampitia, namsomea kuanzia mstari wa 4.