Kwa nini riwaya ya Solaris haichuji?

Msomaji Mkimya
Wanajukwaa, salaam. Riwaya nyingi za kisayansi hunikolea mara moja tu. Nikishajua chombo kimetua wapi na adui alikuwa nani, sina hamu tena ya kuzishika. Solaris ya Stanisław Lem, iliyotoka Poland mwaka 1961, ni tofauti, kwani kila nikiirudia hunoga zaidi, ingawa siri yake nimekwisha kuijua. Furaha hii hutoka wapi? Na je, kwa Kiswahili mmewahi kuionja?

Bahari Kuu
Ndugu, unasema siri yake unaijua. Hebu basi nieleze ile bahari inataka nini. Lem ameumba sayari iliyofunikwa na bahari iliyo hai, na wataalamu wameichunguza vizazi kwa vizazi, wakayapa majina maumbo yanayoibuka juu yake, wakabishana na kuandika majuzuu kwa majuzuu, bila hata mmoja kuielewa. Wasomaji wengi huziruka kurasa ambamo Kelvin, mwanasaikolojia anayesimulia kisa, anadurusu vitabu vya maktaba ya kituo cha utafiti kilicho juu ya bahari hiyo. Kwangu ndizo tamu kuliko zote, kwa sababu kitendawili kisichoteguliwa hakimwishii msomaji hamu.

Mama Vitabu
Hapo sikubaliani nawe kikamilifu, Bahari Kuu. Kinachonirudisha mimi ni Harey, mpenzi wa Kelvin aliyejiua miaka mingi nyuma, ambaye bahari inamfinyanga upya kutokana na kumbukumbu za Kelvin na kumleta kituoni, naye hajui kwamba si yule aliyekufa. Anapotokea, msomaji wa mara ya kwanza humwogopa pamoja na Kelvin, anayemhadaa aingie katika roketi na kumfyatua angani. Msomaji wa mara ya pili anajua atarudi, na anajua atakavyoteseka atakapojitambua. Basi huruma yote humhamia yeye, na Kelvin ndiye anayetisha. Maneno ni yaleyale, ila aliyeogopwa jana leo analiliwa. (Najua Lem mwenyewe hakuifurahia filamu ya Andrei Tarkovsky ya 1972 iliyotokana na riwaya hii, lakini mimi niliipenda.)

Mwalimu wa Fasihi
Kwa Kiswahili, tafuta Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo cha angani ili aangamie, lakini anafika kwenye jamii isiyo na unyonyaji. Utamu wake si ule wa Lem. Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini nchini Kenya katika miaka ya 1980, anaijua jamii anayoitamani na kuieleza waziwazi, wakati mwingine kwa mahubiri. Nami huirudia hasa siasa zinaponichosha.

Na kama uliisoma Solaris kwa Kiingereza, angalia toleo lako: lile la 1970 lilitafsiriwa kutoka Kifaransa, ilhali tafsiri ya Bill Johnston ya 2011 imetoka moja kwa moja katika Kipolandi.