Mshale wa presha ya oili unaanguka ghafla: ni sensa au injini inakufa?

Dereva_Mzigo: Wakuu, naomba msaada. Naendesha lori la dizeli, silinda 6. Siku hizi mshale wa presha ya oili unadondoka ghafla hadi sifuri, taa nyekundu inawaka na king'ora kinalia, halafu mshale unarudi mahali pake kama vile hakuna kilichotokea. Injini haigongi, na oili kwenye stiki ya kupimia iko sawa. Fundi mmoja kasema ninunue sensa (kifaa kinachopima presha) tu. Mwingine anataka kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) aone beringi. Tajiri anapiga simu, mzigo uondoke. Nimsikilize nani?

Spana17: Sensa hiyo. Badilisha, ondoka.

FundiDizeli: @Spana17 huenda uko sahihi, ila "badilisha, ondoka" bila kupima ni kamari. Presha ikipotea kweli, beringi za krenki zinaweza kuungua ndani ya dakika chache, tena chini ya mzigo.

Mtoa mada, dalili zako zinaelekea kwenye umeme. Pampu ikichoka au beringi zikilegea, presha hushuka taratibu kadiri injini inavyopata moto, na hali huwa mbaya zaidi kwenye sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta). Hairuki kwenda sifuri na kurudi. Lakini usiniamini kwa maneno. Washa swichi bila kuwasha injini: mshale ukionyesha presha, sensa au waya unadanganya. Kisha toa sensa, funga geji ya mkono (inayopima presha moja kwa moja, bila umeme) kwenye tundu lilelile, acha injini ipate moto, usome. Kwa malori mengi, psi 10 hadi 20 kwenye sailensa si ajabu, na ukikanyaga inapanda hadi 40 na zaidi. Namba ya kufuata ni ile ya kitabu cha injini yako.

Nusa na stiki. Ikinuka dizeli, au oili ikiongezeka bila wewe kuongeza, dizeli inavuja kuingia kwenye oili na kuifanya nyepesi. Hapo sensa mpya haitasaidia kitu.

Dereva_Mzigo: Shukrani mkuu. Oili hainuki dizeli. Ila nimechomoa plagi ya sensa, ndani imelowa oili!

FundiDizeli: Basi kiwambo cha ndani ya sensa kimepasuka. Fuata waya kidogo uone oili imepanda hadi wapi, maana huwa inatambaa ndani ya waya na inaweza kufika kwenye kompyuta ya injini. Safisha plagi kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme. Sensa ya waya tatu, pima waya wa kuilisha. Kwa kawaida ni volti 5. Na geji ya mkono bado uifunge, usiiruke kwa sababu umeshaona oili.

MamaTela: Naongezea kwenye ununuzi. Nenda na namba ya sensa ya zamani. Kuna ya kuwasha taa tu na kuna ya kusogeza mshale. Nyuzi za kukazia zinaweza kulingana kabisa lakini kazi tofauti. Yenye oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) usiizungushie tepu. Ya waya mmoja inapata ethi (njia ya umeme kurudi) kupitia mwili wake, tepu nyingi inaweza kuikata. Injini ipoe, futa uchafu kuzunguka tundu kabla ya kufungua, tumia soketi ndefu, na usikaze kwa hasira.

Spana17: Sawa, kuhusu geji nimekubali.

Dereva_Mzigo: Mrejesho: geji ya mkono imesoma psi 18 kwenye sailensa injini ikiwa ya moto, na 52 nikikanyaga. Sensa mpya imefungwa, mshale umetulia. Taa ya injini tu ndiyo bado inawaka.

FundiDizeli: Huenda ni kodi ya hitilafu ya zamani iliyobaki kwenye kompyuta. Ifute kwa mashine ya kusoma kodi, na ikirudi tena usiifute bila kusoma imeandika nini. Baada ya safari fupi, chungulia chini ya sensa kama kuna unyevu.