Mwendo kasi katika mtaa tulivu: je, tochi na faini vinatosha?

Mwuliza swali

Ndugu wanajukwaa, ninaishi katika mtaa wa nyumba zenye bustani na mageti, ambao barabara zake ni pana, zimenyooka na hazina magari mengi, lakini sasa magari yanapita kana kwamba yako kwenye barabara kuu. Kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Tulipolalamika, askari wa usalama barabarani walikuja na tochi, yaani kifaa cha kupimia mwendo wa magari, kwa juma moja, madereva wakatulia, na askari walipoondoka mambo yakarudi kama zamani. Majirani wengine wanataka faini ziongezwe, wengine wanataka matuta, na wapo wanaoona kwamba askari wana kazi kubwa zaidi kwingineko. Ni hoja ipi yenye mashiko?

Dereva mstaafu

Dereva hupunguza mwendo kwa sababu ameiona tochi, na akishaipita hukanyaga mafuta tena. Askari anayekaa mahali pamoja kwa saa zilezile huzoeleka upesi. Ni afadhali afike kwa vipindi vifupi visivyotabirika, kwa kuwa uhakika wa kukamatwa humzuia mtu kuliko ukubwa wa adhabu. Isitoshe, faini ya kiwango kimoja humuumiza mtunza bustani anayekuja kwa pikipiki, ilhali mwajiri wake huilipa bila kuihisi. Nchini Finland, anayezidisha mwendo kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa hutozwa kulingana na kipato chake: mwaka 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland alitozwa yuro 121,000 kwa kwenda kilomita 82 penye kikomo cha 50. Utaratibu huo, hata hivyo, hutungiwa sheria ya nchi nzima, kwa hiyo hautausaidia mtaa wenu mwaka huu.

Mhandisi wa barabara

Ombeni kwanza mwendo upimwe kwa siku saba, mchana na usiku, kwa sababu gari lenye kelele hudhaniwa kwenda kasi kuliko lilivyo. Sisi hutazama mwendo ambao magari 85 kati ya kila 100 hayauzidi. Ukiwa juu sana ya kikomo, barabara yenyewe ndiyo inayomruhusu dereva akimbie, na hakuna askari atakayeweza kusimama hapo siku zote.

Mimi ningedai pia kikomo kishuke hadi 30, kama mji wa Graz, Austria, ulivyofanya mwaka 1992 katika barabara zake za makazi. Dereva akichukua sekunde moja kutambua hatari, gari la kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 au 14 kwenye lami kavu. Katika umbali huohuo, gari la kilomita 50 ndiyo kwanza linaanza kushika breki. Mtoto anayefuata mpira yuko kwenye mita hizo. Lakini kibao kipya bila kubadili barabara hakisaidii sana: punguzeni upana wa njia, inueni vivuko, pandeni miti karibu na ukingo. Matuta hufanya kazi, ila huchelewesha magari ya wagonjwa na ya zimamoto, na anayelala karibu na tuta husikia kila gari likishika breki na kuondoka tena.

Jirani wa mbali

Chunguzeni pia ni nani anayekimbia. Kwetu tuliwalaumu wapitanjia kwa miezi mingi, mpaka tochi ilipowekwa na wengi wa walionaswa wakawa wakazi, nami nikiwemo, ingawa nilikuwa nimetia saini barua ya malalamiko.

Mwuliza swali

Nawashukuru. Tutaomba vipimo kabla ya kuandika barua nyingine, na suala la matuta nitaliweka kando hadi tuzungumze na watu wa zimamoto. Hilo la wakazi nitalileta kikaoni kwa uangalifu, maana mwenyekiti wetu ndiye ninayemshuku zaidi.