Tupeane uzoefu: uliwahi kuota mnyama wa porini, ukaja kujua mwenyewe alikuwa na maana gani?

Mndengereko wa Mjini
Habari zenu wakuu. Naomba tusiletewe ile orodha ya "nyoka ni adui, simba ni bosi wako". Nataka ya kwako wewe.

Naanza. Nimekulia Rufiji. Wa kule wanaikumbuka 2002 mpaka 2004, miaka ya simba wala watu. Walikufa zaidi ya watu 30, na yule sugu tulimbatiza Osama. Msimu wa mpunga tulikuwa tunalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kulinda shamba lisiliwe na nguruwe pori. Na simba naye alikuwa anawafuata nguruwe haohao. Baba anakaa mlangoni na tochi na panga, mimi na dada tumelala nyuma ya mgongo wake. Usiku kucha anakohoa makusudi, simba ajue kuna mtu macho.

Mwaka jana, nikiwa Mbagala, nikaanza kumuota simba. Haniwindi. Amelala mlangoni, shavu moja limevimba, ananitazama tu. Mara tatu ndani ya wiki mbili. Jirani akasema nimetupiwa kitu, akanielekeza kwa mtaalamu wake. Nilifika nusu ya njia nikageuza, maana hata nauli ilikuwa ya kukopa.

Kilichonifumbua macho ni lile shavu. Osama alipouawa, Aprili 2004, alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Sasa mimi na baba tulikuwa hatuongei tangu tugombane kwa ajili ya kiwanja. Na dada alikuwa ameshaniambia kwenye simu kwamba mzee hali vizuri, meno yanamsumbua. Nilisikia, nikaendelea na mambo yangu.

Jumamosi nikapanda gari Rangi Tatu. Nikampeleka kung'oa. Hakusema asante, alisema "umekonda". Simba sijamuona tena. Karibuni.

Binti Pangani
Mimi niliota tembo kaingia jikoni kwangu, anatoa sufuria moja moja kwa mkonga na kuzipanga uani. Bibi alitufundisha ukiota kibaya tema kidogo kushoto mara tatu, jikinge kwa Mwenyezi Mungu, geukia ubavu wa pili, usimsimulie mtu. Nikafanya yote. Halafu nikajiuliza, kibaya kiko wapi? Hakuvunja hata kikombe! Ndiyo kwanza mama mkwe alikuwa amehamia kwetu, na kila siku nikirudi kazini nakuta vyombo vimehamishwa. Nilicheka peke yangu saa tisa usiku.

Chai ya Rangi
Niliota swala anakatiza barabara. Nikaamka, nikala maandazi. Mpaka leo hakuna kilichotokea.

Sindano Moja
Mimi ni muuguzi, mnisamehe nikiharibu utamu. Tulikuwa na wagonjwa wanakimbizwa na mamba kila usiku, mwingine alikuwa tayari kuhama nyumba. Ilikuwa efavirenz, ile ARV iliyokuwa inamezwa usiku. Ndoto kali ni athari yake inayojulikana kabisa. Mefloquine ya malaria nayo ni hivyohivyo. Kabla hujaenda kwa mganga, angalia unameza nini, ila usiiache dawa kimyakimya, rudi kliniki useme.

Kimya Kingi
Sawa nesi, nakubali. Mimi ni mmoja wa hao wa usiku. Lakini dawa inaleta ndoto tu, mnyama haimchagui. Kwangu alikuja fisi, kila siku fisi, anatafuna kitu mgongo amenipa, sioni anachokula. Ukoo mzima walinisema nimerogwa, si unajua Usukumani ukitaja fisi. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa mweka hazina wa michango ya msiba wa mjomba, na elfu sabini haikufika kwa mjane.

Mndengereko wa Mjini
Duh. Pole mkuu. Ulirudisha?

Kimya Kingi
Nilirudisha. Nilimwambia shangazi nilikosea kujumlisha kwenye daftari. Dawa nilishabadilishiwa, miaka sasa. Fisi bado anakuja mara mojamoja, ila hali kitu. Anakaa mbali, chini ya mti.