Naomba ushauri: riwaya imeisha ila naogopa kuitoa

Habari za leo wakuu, poleni na majukumu. Niko Morogoro, nimemaliza kuandika riwaya ya kama maneno 50,000 hivi, inahusu wadada wanaouza nyanya sokoni. Kinachonitesa ni mazungumzo, yaani konda wa daladala kwenye stori yangu anamwambia abiria "naomba unipatie nauli yako tafadhali", sasa konda gani huyo jamani 😂 nikiandika kama tunavyoongea mtaani naona wasomi watanicheka, nikirudisha Kiswahili sanifu wahusika wote wanaongea kama wasoma taarifa ya habari. Nimejaribu kumsomea shoga yangu kwa sauti, kila sura anasema "nzuri", hainisaidii kitu.

Kuna mchapishaji nilimpelekea sura za mwanzo, hajasema kazi mbaya wala nzuri, kanitajia tu hela ya kuchapa nilipe mimi. Wengine wananiambia niiuze vipande vipande kwenye magrupu ya WhatsApp, hela inaingia haraka (kweli inaingia, nawaona wenzangu), lakini nina hamu ya kuupeleka mswada kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na pale wanataka kazi ambayo haijachapishwa.

Sasa mlioandika naomba mnisaidie, mazungumzo ya mtaani mnayaandikaje bila msimulizi naye kuharibika? Na nikirusha sura chache tu WhatsApp, itahesabika nimeshachapisha? Kama kuna wa kunisomea kwa ukali bila kunionea aibu, karibu inbox.