MREJESHO: Mwanamke ndani ya chama cha siri cha wanaume

Wakuu, heshima kwenu. Niliomba msaada wa riwaya yangu ya kusisimua, sehemu ya pili: binti anaingiaje chama cha siri cha wanaume watupu pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, msomaji akaamini?

Nimemfuata aliyesema niachane na kumvalisha binti nguo za kiume, nikasome mkasa wa Skull and Bones, chama cha siri cha wanafunzi wa Yale kilichoanzishwa 1832. Mwaka 1991 wanafunzi waliokuwa wanamaliza muda wao ndio waliochagua wanawake wajiunge. Wanachama wakongwe, waliokwisha kuhitimu, wakaja juu, wakabadilisha kufuli za jengo la chama. Zikapigwa kura, ikafunguliwa kesi, na mwaka huohuo wanawake wakaingia. Hapo hadithi ikapata pumzi! Sasa binti yuko mlangoni usiku, ufunguo aliopewa na mwanachama haugeuki, na ndani anasikia wazee wakibishana juu yake.

Dada uliyenipa kisa cha Elizabeth Aldworth wa Ireland, anayesimuliwa kuwa alisikiliza kikao cha Freemason kwa siri karne ya 18 kisha wakamwingiza, nilikifanya msingi wa sura ya kwanza. Hakikukaa, kusikiliza ukutani kulimpunguzia binti nguvu. Nimekibakiza kama simulizi anayopewa na mkutubi mzee.

Sura za mahakamani bado zinalegea, naendelea kuzipunguza. Ila swali la mlangoni limekwisha: ugomvi wa wanachama wenyewe ndio uliofungua njia. Asanteni sana, mmenisaidia mno.